Buloni Tatu za Pikapu ya Kisimba

Pikapu ya shemeji yangu Kisimba ilifika kutoka Kaniama imelala upande mmoja, kama mtu mwenye jipu matakoni. Resori ya nyuma, springi inayobeba mzigo, ilikuwa imevunjika njiani. Kisimba na watu wake wakaisukuma mpaka ndani ya lupango yangu, wakaiacha katikati ya ua, wakaanza kunisalimia.

Walikuja kwa jambo moja: kumchukua binti yangu Lise. Mke wangu Ndaya alikufa miezi mitatu iliyopita. Siku ya kuvunja kilio wazee wa kwao waliniuliza mbele ya watu, mtoto abaki na nani? Katika ukoo wetu baba anayemtaka mtoto wake anasema kwa mdomo wake, palepale, watu wasikie. Mimi nilinyamaza. Wakauliza mara ya pili, wakauliza mara ya tatu. Nilikuwa naangalia mguu wa kiti. Si kwamba sikumtaka. Sikuwa na kitu ndani, hata neno moja. Basi, wakasema, amekubali.

Na sasa nani wa kuwatengenezea motoka ya kumchukulia? Mimi! Kamina hapa imejaa mafundi wengine, lakini eti shemeji yupo, twende wapi tena.

"Beau-frère, ni kazi kidogo tu," Kisimba akaniambia. "Resori ya mupya iko, nilikuya nayo."

Kidogo! Hiyo pikapu imebeba samaki wa chumvi kutoka Mulongo miaka minane. Maji ya chumvi yalivuja kwenye vikapu, yakashukia resori, na hakuna siku mtu aliimwagia hata ndoo moja ya maji safi. Zile buloni tatu, boliti zinazoshika resori, zilikuwa zimegeuka donge la kutu. Hukujua nati inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi.

"Ile samaki yako njo ilikula motoka," nikamwambia.

Akacheka sana. Huyo Kisimba, haya aliziacha tumboni mwa mama yake.

Mama yake mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha jiko, amenipa mgongo. Ndiye aliyemzaa Ndaya. Mukwe hatazamwi usoni, hasemeshwi, jina lake halitajwi, na hata hapa sitalitaja. Ndiyo heshima yetu, na kifo cha Ndaya hakikuiondoa. Kwa hiyo maneno yake kwangu na yangu kwake yalipitia kwa Lise, mjukuu anayemwita nkambo. Ana miaka minane. Kutwa nzima alikuwa njiani kati yetu.

"Papa, nkambo anauliza kama umekula."

"Umuambie nimekula."

Sikuwa nimekula. Akaenda, akarudi.

"Nkambo anasema ni bongo, unamudanganya."

Nikaingia chini ya motoka. Nilisugua kutu kwa brosi ya waya, nikachanganya mafuta ya breki na mafuta ya taa, nikazimwagia buloni zote tatu, nikaziacha zinywe mpaka kesho yake.

Ya kwanza ilitoka asubuhi. Buloni iliyoshika haitaki ubishi. Unaikaza kwanza kidogo, halafu unailegeza, unaikaza, unailegeza, mpaka kutu yenyewe inaanza kulia. Mwenye haraka anaivunja kichwa. Mimi haraka ningeitoa wapi? Vile nilivyokuwa, ningeweza kuizungusha mpaka Noeli.

Ya pili ilikataa mafuta. Nikasogeza mbabula, lile jiko la makaa, chini yake, nikapepea mpaka chuma kikawa chekundu, nikamwambia Lise aniletee mshumaa. Ukigusisha mshumaa kwenye chuma cha moto, nta inayeyuka na kupenya mahali ambapo mafuta hayafiki. Akaniletea kipande kutoka kwenye kopo la dirishani. Kilikuwa kimebaki kwenye kilio cha mama yake. Nikakigusisha. Moshi ukanuka sawasawa na ule usiku wa kukesha na maiti, nikangoja nisikie uchungu. Sikusikia kitu. Nikashika kle, ile spana kubwa, nikaivalisha bomba refu, nikavuta, buloni ikazunguka.

Nikajiambia, Nyembo, weye ulikufa zamani, wamesahau tu kukuzika.

"Papa," Lise akasema, "ile bougie ilikuwa ya mama."

"Najua."

Akabaki amesimama pale. Niliona miguu yake tu, na vumbi kwenye vidole. Kisha akarudi jikoni kwa nkambo.

Ya tatu ndiyo iliyonitesa. Nati ilitoka, lakini buloni yenyewe ilikuwa imeshikana na bomba la ndani ya resori. Nikapiga nyundo kubwa mpaka mikono ikafa ganzi. Nikaweka moto, nikaweka nta, nikapiga tena. Wapi! Kisimba akachuchumaa kando ya gurudumu na kuanza kunifundisha kazi. Nikamwambia aende akaangalie kama samaki wake wanamwita.

Ilibaki njia moja tu, kuikata kwa msumeno wa chuma, kidogo kidogo, kwenye nafasi isiyoingia hata kidole. Nilikuwa nimeshaanza kukata Lise alipokuja tena. Safari hii alisema polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka juu.

"Papa, nkambo anasema hivi: kama buloni inakatala, haina mambo. Bao batarudia Kaniama na pikipiki. Minyi Lise nitabakia na weye mpaka mavuno ya mahindi. Lakini anauliza, weye unasema nini?"

Msumeno ukasimama. Kumbe mukwe wangu hakuwa amekuja kuninyang'anya mtoto. Yule mama alikuwa amekaa siku mbili kwenye kivuli cha jiko, mgongo kwangu, akingoja nifungue mdomo.

Kitu kikatikisika kifuani. Kidogo tu, lakini nilikisikia.

"Umuambie nkambo," nikasema. "Umuambie papa anaomba ubakie. Anakutaka. Umuambie vile vile."

Miguu yake haikuondoka mara moja. Halafu ikaondoka. Nikaigeuza shingo nisikie.

"Nkambo," Lise akasema, kwa sauti safi kabisa, "papa anasema buloni inatoka."

Nikaona mabega ya mukwe yanashuka.

Nilijivuta nikatoka chini ya motoka, nikasimama. Hatua kumi. Mdomo ninao, na yeye masikio anayo. Lakini ningemfikia vipi mama wa mke wangu, nimsemeshe usoni, nimwambie mjukuu wake amesema bongo? Nilibaki pale, msumeno mkononi, mpaka Lise akarudi mwenyewe.

"Juu ya nini umesema vile?" nikamuuliza.

Hakuogopa. Aliniangalia moja kwa moja machoni.

"Kwa nkambo banatajaka mama," akasema. "Kila siku banamutaja. Banacheka, banalia. Hapa weye haumutajake. Minyi nasemaka mambo ya mama na kuku."

Ningeweza kulitaja jina palepale, Ndaya, silabi mbili tu. Nililileta mpaka kwenye meno na halikupita.

"Nenda ufunge nguo zako," nikamwambia.

Nikarudi chini. Nikakata. Unga wa chuma ulinimwagikia usoni, na hapo ndipo iliponiuma moyoni. Kwa mara ya kwanza tangu Ndaya afe iliniuma kweli, mpaka nikauma mkono wa shati ili mukwe asinisikie. Buloni ikakatika saa nane.

Nikaiweka resori mpya. Buloni mpya nilizipaka grisi nyingi, nikazikaza moja moja.

"Inatosha, beau-frère," Kisimba akasema. "Utazivunja."

Nikamwambia anyamaze. Nikarudia zote tatu, kwa nguvu zangu zote, nikazipima kwa mkono, nikazikaza tena, kwa sababu mtoto wangu ndiye aliyekuwa anapanda.