Finjani Kumi na Moja Chini ya Mlima

Bi Ghalia alikuwa na mambo mawili yaliyomsumbua: goti la kushoto na ahadi aliyompa mamaake. Goti alilipaka mafuta ya habasoda. Ahadi haikuwa na dawa.

Mamaake aliolewa mwari huku Arabuni, akapandishwa punda, akavushwa pito la mlimani kuelekea bandari ya Sur, na kutoka Sur hadi Unguja. Juu kabisa ya pito aligeuka mara moja akaiona mitende ya kwao, na hakuiona tena mpaka anaingia kaburini. "Ukijaaliwa kufika pale juu, mwanangu, nitazamie," alimwambia.

Sasa ni mwaka wa sabini na nane, Bi Ghalia yuko Ibra mwaka wa tatu tangu atoke Unguja, jirani zake wote Waunguja wenzake, na mlima wenyewe umefanywa hifadhi ya mbuzi mwitu. Gari haziruhusiwi kupanda baada ya saa kumi. Mwanawe Humoud, mwenye gari, kesho anarudi kazini Salala, na likizo nyingine mpaka mwakani. Leo ndiyo leo.

Walifika langoni saa nane. Mlinzi, Bwana Musallam, mzee wa milima hiyo hiyo, akatandika mkeka kivulini. "Hapiti mgeni hapa bila kahawa," alisema kwa Kiarabu.

Finjani ilikuwa ndogo kama ganda la yai la njiwa. Bi Ghalia akainywa, akairudisha tupu, kama alivyofunzwa kwao: usimwachie mwenyeji masazo. Musallam akaijaza. Akainywa. Akaijaza tena. Humoud naye vivyo hivyo. Ila Fawziya, mke wa Humoud, binti wa Nizwa aliyeolewa miezi minane tu, alikunywa tatu, akarudisha yake, na hakuongezwa.

"Mtazame mkeo," Bi Ghalia alimnong'oneza mwanawe. "Kamroga mlinzi. Yeye kaachwa, sisi twamiminiwa kama mitungi."

"Mama! Kiswahili anasikia siku hizi."

"Na asikie! Tumbo langu lasikia zaidi."

Finjani ya saba, saa tisa ikapita. Ya tisa, kivuli cha mlima kikameza lango. Lakini kuurudisha mkono wa mwenyeji ni kumvunjia heshima, na hilo Bi Ghalia hakuliweza, hata kwa ajili ya mamaake. Alipokuwa na ya kumi na moja mkononi, Musallam akatazama saa. "Dakika kumi nafunga."

Macho ya Bi Ghalia yakajaa machozi. Fawziya akayaona.

"Mama, kahawa bado wataka?"

"Naitaka? Bibi wewe, sina tena pa kuitia!"

"Sasa mbona hutikisi?" Fawziya akangoja amalize, akamshika kifundo cha mkono, akaitikisa finjani kulia, kushoto, kulia. Musallam akaipokea, akaiweka chini, akafunika birika.

"Ya Rabbi! Kumbe hivyo tu? Na wewe wanitazama muda wote huu!"

Fawziya uso ukamwiva. "Nilidhani Mama anapenda kahawa sana. Nikaona haya kumkataza mkwe."

Bi Ghalia akacheka mpaka akashika mbavu. Fawziya akamweleza Musallam, naye mzee akajipiga kipaji cha uso. "Nimemtesa mgeni kwa mkono wangu!" Akafunga lango nyuma yao, akaingia garini: aliyewachelewesha atawapandisha mwenyewe.

Juu, upepo ulikuwa mkali na dunia imefunguka pande mbili.

"Mama, tazama!" Humoud alisema.

"Ngoja kwanza." Finjani kumi na moja hazingojei mandhari. "Wanaume, geukeni mtazame upande wa Sur! Fawziya, njoo."

Fawziya akavua leso yake ya juu, akaitandaza mbele ya jiwe kubwa, akawa ukuta. Na hapo, nyuma ya jiwe, amechutama, ndipo Bi Ghalia alipoiona: mitende, mstari mwembamba wa kijani chini kabisa, palepale mamaake aliposema ipo.

"Nimekutazamia, Mama," alisema. "Ila nilivyokaa, usiulize."

Fawziya akaangua kicheko, leso ikapeperuka.

"Shika vizuri, mwanangu, wanitia aibu!" Kisha akainuka kwa kuliegemea bega la mkwewe. "Waiona? Ile iliyojitenga peke yake. Pale."

Wakasimama wamekumbatiana wakaitazama, wakabishana kama ni mitende mitano au sita, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia Humoud na Bwana Musallam, wanaotazama Sur kwa adabu, kwamba wanaweza kugeuka.