Ukiitwa, Usiitike

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja wa ajabu: ukimwita, haitiki. Masikio yalikuwa mazima, tena makali, maana alitengeneza redio na kunasa kila mkwaruzo. Lakini akisikia "Fundi!", mwili unakufa ganzi na mdomo unajifunga wenyewe. Majirani walimtania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kucheka ni rahisi kwa asiyejua. Mkewe naye alicheka, mpaka siku alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, akaita hadi koo likamkauka, na mumewe yuko chumba cha pili, bisibisi mkononi.

"Mume wangu, nakupenda," alimwambia aliporudi kutoka hospitali akiwa na magongo. "Ila nikikuita tena ukanyamaza, nahamia kwa binti yetu. Sitaki kufa huku mtu ananisikia."

Maneno hayo yalimchoma, kwani huenda yupo aliyekufa hivyo.

Zamani, Fundi akiwa askari vitani, ndani ya msitu usiopitisha jua, adui aliwakaribia yeye na wenzake hadi akajua majina yao. Alijificha majanini akiwaita kirafiki. Aliyeitika alipigwa risasi. Sajenti akaamuru: ukiitwa, kimya. Siku moja wakashambuliwa mvuani, wakatawanyika, Fundi akalala matopeni, ruba wakimnyonya shingo. Hapo akasikia, "Fundi! Fundi, nisaidie!" Ilikuwa sauti ya Kijiko, yule rafiki yake mlafi waliyekuwa wakila naye sahani moja. Au ya adui hodari wa kuigiza. Fundi akauma mkono wake asiitike. Sauti iliita mpaka ikachoka. Kijiko hakuonekana tena.

Mkewe hakuwahi kuambiwa hayo.

Mchana mmoja, Fundi ameinamia redio, akaitwa. Ganzi ikapanda. Akilini akamwona mkewe sakafuni, akapigana na ulimi wake, jasho likimtiririka, hadi ukamtoka ukelele: "Naam! Nakuja! Vumilia, nakuja!"

Akakimbia, akaangusha kiti. Mkewe alikuwa jikoni, ameketi salama, anamenya viazi. Furaha ikamtoa mke machozi.

"Umeitika, mume wangu! Mungu mkubwa." Kisha kisu kikasimama. "Lakini mbona mimi sijakuita?"

Fundi akamwashiria anyamaze. Alikuwa amegeukia dirishani, sauti ilikotoka.

"Naam," akaitika tena, kwa upole. "Nipo. Hata siku ile nilikuwepo."