Anguka Upande wa Kwetu

Mume wangu Lonnie alianguka kutoka paa la banda la ng'ombe kule Indiana, lakini karatasi zote zikaandikwa kwamba ameanguka Kentucky. Uongo huo ulitungwa ndani ya pikapu, na aliyekuwa kwenye usukani ni Dwayne, ndugu yangu wa tumbo moja, anayefanya kazi naye.

Sisi tunakaa Kentucky, upande wa kusini wa mto unaotenganisha majimbo haya mawili. Bosi wao, Verlin, ana ofisi yake hapa mjini kwetu, lakini kazi za kuezeka huzipata huku na ng'ambo, kwa hiyo mafundi wake huvuka daraja asubuhi na kurudi jioni. Tangu alipokata bima ya wafanyakazi alikuwa na wimbo mmoja tu: "Bima yangu ni ya Kentucky. Ukitaka kuanguka, anguka upande wa kwetu." Wakacheka, wakaugeuza utani wa kazini. Mtu akipanda ngazi, walio chini humwuliza, "Umekumbuka uko jimbo gani?" Miaka ikaenda, utani ukawa sheria, na hakuna aliyejisumbua kumwuliza mtu anayejua. Wanaume hawa wakitaka kununua msumeno watabishana wiki nzima. Mgongo wao wenyewe wakaukabidhi kwa mzaha wa Verlin.

Siku hiyo bati lilikuwa na umande. Lonnie akateleza, akatua chali kwenye udongo mgumu. Hawakuita ambulensi. Walimlaza juu ya ubao, wakampandisha nyuma ya pikapu, wakavuka naye daraja. Simu waliipiga kutoka kituo cha mafuta cha huku kwetu, wakasema ameanguka uani kwa Verlin akipakia mabati.

Daktari aliniambia mfupa ulivunjika alipoanguka, lakini vipande vilisogea baadaye, mtu alipombeba vibaya. Miguu haikuamka tena. Nilidhani wamembeba kutoka uani tu, hatua chache, nikawashukuru hata kwa haraka yao.

Kisha mpelelezi wa bima akaenda kwa Verlin, akaona uani hakuna kitu kirefu kuliko toroli. Bima ikakataa kulipa. Matibabu yakasimama, mshahara wa Lonnie hakuna, na mimi peke yangu nafanya kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Watu wa kanisa wakatuletea mabakuli ya viazi na jibini mpaka friji ikakataa kufungika. Viazi havilipi hospitali.

Dwayne alikuja jioni moja, nikamwekea maharage na mkate wa mahindi. Akashika kijiko, akakiweka chini.

"Dada, hakuanguka uani."

"Alianguka wapi?"

"Ng'ambo."

Nilichomwambia baada ya hapo siwezi kukiandika. Nilimfukuza, nikamrudisha kutoka mlangoni ili nimtukane zaidi. Lonnie alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu akiangalia sakafu.

"Kesho tunakwenda kwa wakili na utamwambia hivyo hivyo," nikamwambia Dwayne.

"Nikisema Indiana shemeji hapati hata senti. Na mimi watanifunga."

"Sasa hivi anapata nini?"

Wakili, Bi. Estep, ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Dwayne hadi mwisho, akauliza ofisi ya Verlin iko wapi, Lonnie aliajiriwa wapi, na kazi ya ng'ambo ilikuwa ya muda gani. Nikamjibu: hapa, hapa, na siku chache tu.

"Nani aliwaambia bima haivuki mto?"

"Bosi," Dwayne akasema.

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Dwayne akainua mabega.

"Mtu aliyeajiriwa huku, na kampuni ya huku, akitumwa ng'ambo kwa kazi ya siku chache, sheria ya jimbo letu inakwenda naye. Kinachowaponza sasa ni uongo wenu, siyo daraja."

Dwayne akageuka mweupe kama unga. "Kwa hiyo tungemwacha pale pale?"

"Mngemwacha pale pale," wakili akasema.

Mbele ya jaji wa mambo ya fidia, mwanasheria wa bima hakubishana kuhusu mto. Alikuwa na njia nyingine: kuanguka ni ajali ya kazini, sawa, lakini kilichoua miguu ni kubebwa, na hilo kampuni haikuwatuma. Bi. Estep alikuwa ametuonya tujibu tunaloulizwa tu. Dwayne alipoitwa akasema yeye ndiye aliyeamua kuvuka, yeye peke yake.

"Mwongo huyo," Lonnie akasema kutoka kwenye kiti chake. Jaji akamwambia asubiri zamu yake. Zamu ilipofika, akasema, "Dwayne alishatoa simu aite ambulensi. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia anivushe, la sivyo mke wangu Nadine atakosa cha kula."

Wakili wetu alifumba macho. Mimi nilishika ukingo wa meza.

"Ulijua hospitali ya karibu iko wapi?" mwanasheria wa bima akamwuliza.

"Ndiyo. Ilikuwa upande ule ule. Nilikuwa naiona kutoka juu ya paa."

Mwanasheria akarudi kuketi. Nje, Dwayne alilia kama mtoto, Lonnie akamwambia aache ujinga, amsukume wakanywe kahawa.

Uamuzi ulikuja kwa barua. Jaji alisema wafanyakazi walifanya walichofundishwa na bosi wao, kwa hiyo kule kubebwa nako ni sehemu ya ajali. Matibabu yote yatalipwa, na theluthi mbili ya mshahara wa Lonnie itakuja kila wiki. Verlin alileta keki. Nikaipokea, nikamfungia mlango.

Hundi zinafika. Kila nikiifungua bahasha nafurahi, kisha moyo unaniuma, kwa sababu fedha hizi hizi zingekuja hata kama wangemfunika koti, wakamwambia asijitikise, wakangoja ambulensi.