Sindano ya Fundi Makochi

"Mwenzangu, mumeo si alichomwa sindano ya makalio juzi? Mbona yuko juu ya baiskeli utadhani kakalia mto?"

Jirani alimuuliza hivyo mke wa fundi makochi wakiwa bombani, wakacheka wote wawili. Mke mwenyewe alipochomwa sindano kama hiyo, penisilini ya kaswende, alilala kifudifudi mpaka jua likazama. Akasema moyoni, haya, wanaume wana nyama ngumu.

Miezi ikapita. Tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni siku muuguzi wa kliniki ya wajawazito alipokunja uso. Kipimo cha kaswende kwenye damu kilikuwa kimeshuka vizuri baada ya ile sindano, sasa kimepanda upya.

"Umeambukizwa tena, mama. Baba alipata dawa?"

"Mlimchoma hapa hapa."

"Ah, namkumbuka. Yule wa ndevu nyingi, aliyepiga mayowe."

Mumewe hajafuga ndevu tangu amjue, zinamuwasha.

Mke akapanda kitandani. Akajilaza, akachomwa tena. Maumivu yakaja, akayaacha yapite kama mgeni wa nyumba ya pili. Muuguzi akamweleza taratibu: baba asipotibiwa, wasilale pamoja, kwani ugonjwa ukirudi, mtoto anaweza kufia tumboni.

"Mficha uchi hazai, mama. Mlete leo."

Akaenda karakana moja kwa moja, akichechemea. Mumewe alikuwa akivuta kitambaa juu ya kochi, na mwenzake, yule waliyemwita Msumari, akigongomea. Ndevu za Msumari zilifika kifuani.

"Shemeji," mke akamwambia, "ni wewe uliyechomwa sindano ya mume wangu?"

Nyundo ikanyamaza. Msumari akamtazama fundi, kisha akajipapasa nyuma.

"Nisamehe, shemeji. Aliniomba, akanisihi niende kwa jina lake. Nami nimeshalipia, makalio haya hayakukaa kitini wiki nzima."

Fundi akacheka peke yake. "Mke wangu, mimi siumwi popote. Nikavuliwe suruali na binti mdogo kwa ajili gani?"

"Ugonjwa umenirudia. Umetoka kwako. Mtoto anaweza kufa."

"Si anacheza humo? Mungu yupo."

"Yupo. Na kliniki bado iko wazi. Twende."

"Kochi la watu hili, nimeahidi leo. Tutaona kesho."

"Basi mimi nalala kwa mama, mpaka uchomwe wewe. Wewe, si Msumari."

Hakupandisha sauti. Maneno yalimtoka makavu, kama anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani. Akasimama pale, kiganja juu ya tumbo, akimpa mumewe nafasi. Msumari aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu chini ya kochi.

Fundi akapangusa mikono kwenye suruali. Akafikiri. Akauliza:

"Sasa jioni atapika nani?"

Mke akamtazama kidogo, akakaza kilemba chake, akatoka.