Meno ya Birika

Birika la umeme lilikuwa likichelewa kuchemka, na siku hizi liligongagonga kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Mkwe akaliinamisha dirishani penye mwanga, akachungulia ndani. Chini kabisa, juu ya ukoko mweupe wa chokaa, palikuwa na jino.

"Maji haya," alisema, akafunika, akaendelea kupaka mkate siagi.

Bibi, mama wa mume wake, alikuwa kwenye kiti chake karibu na friji, akilowesha biskuti kwenye chai. Yeye hakuwa na jino hata la dawa. Nyama na karanga alikwisha kuzisamehe. Kilichomkera ni F, herufi isiyotamkika mpaka meno ya juu yaushike mdomo wa chini. Alikuja kwa mwanawe kwa muda tu, mpaka mguu upone. Mguu ulikwisha kupona, lakini kila alipoomba funguo za nyumba yake, kilichotoka kinywani kilikuwa "nguo zangu".

"Mama anataka nguo," mwanawe alisema kila mara, na mkono uligusa mfuko wa suruali, kama mtu anayehakikisha pochi ipo. Jioni alirudi na gauni.

Magauni yakajaa kabati. Na kwa kuwa maji ya mtaa ule yalikuwa magumu, kila gauni lilitoka kwenye mashine ya kufulia limekakamaa kama ubao, halikunjiki. Mkwe aliacha kuyatundika. Aliyasimamisha ukumbini, nayo yakasimama yenyewe, mikono mbele kidogo, kama wageni wanaosubiri kuonyeshwa viti. Wageni wa kweli walipofika waliyaamkia yote.

Mwezi ulipokuwa ukiishia, birika lilikuwa na safu ya juu na ya chini, na limeanza kuuma vidole. Mkwe akamwita fundi.

Fundi aliligonga kwa bisibisi, akatega sikio. "Meno mazima haya. Mshukuru. Jirani yenu hita ya bafuni imeota kucha, kila Jumamosi wanazikata."

"Dawa yake?"

"Siki. Unamimina, unachemsha, yanayeyuka. Ila yatarudi, shemeji. Mimi natibu birika, sitibu bomba."

"Si mngewaambia watu wa idara ya maji?"

"Niliwaambia. Wakanikaribisha chai. Birika lao lina ndevu."

Mkwe akaenda dukani kutafuta siki. Bibi akajikongoja mpaka mezani, akaingiza vidole birikani. Birika halikumuuma. Meno yalitoka bila ubishi, safu zote mbili, akayasuuza, akayavaa. Yalimkaa sawasawa, isipokuwa gego moja lililokuwa bado na moto.

"Yamekupendeza, bibi," alisema fundi, akikusanya vifaa vyake.

"Fundi," alijaribu Bibi. "Fulana. Fagio. Fujo."

"Eeh, hapo sasa."

Usiku ule, chakula kikiwa mezani, Bibi alianza na karanga, akazitafuna taratibu ili kila mtu asikie. Kisha akasema, "Nataka funguo zangu."

F ilitoka safi, na upepo wake, ikapeperusha karatasi ya kufutia mikono iliyokuwa mbele ya mwanawe. Mkono wa mwanawe ukaenda kwenye mfuko wa suruali. Ndani ya mfuko kitu kikalia, chuma kwa chuma. Bibi akawaza kwamba pochi hailii hivyo.

"Lakini mama," mkwe alisema kwa sauti ya chini, "nyumba ile si ina wapangaji?"

"Tangu lini?"

Mkwe akamtazama mumewe. Mumewe akazitazama karanga.

"Tangu ule mguu," alisema mkwe.

Bibi akamgeukia mwanawe. "Kumbe F yangu ulikuwa unaisikia."

"Mama, leo umeongea vizuri," alisema mwanawe. "Hayo meno yamekukaa kweli. Kesho nikitoka kazini nitapita dukani."

Kesho yake alileta gauni la kitambaa kizuri, na safari hii lilikuwa na mifuko. Bibi akaingiza mkono katika mmoja, kisha katika wa pili; yote mitupu. Akamshukuru mwanawe, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Gauni likafuliwa, likakakamaa. Mkwe alipotaka kulipanga na mengine, Bibi alilichukua mwenyewe, akalisimamisha mlangoni, limeelekea nje. Linasimama hapo mpaka leo. Birika limeshaota jino jingine, na siki iko kabatini, haijafunguliwa. Mwanawe anaporudi jioni hulikuta gauni njiani, hulisalimia, kisha hulizunguka kwa adabu, mkono mmoja umeshika mfuko.