Ndani ya Kompyuta ya Saroj

...siyo maneno haya niliyosoma jana, haya yamenipa mgongo, Saroj ndiyo kwanza ameiwasha taa humu ndani na kitambaa kimeng'aa mbele ya uso wangu na herufi zote zimegeuka, E inatazama kule, N imepinduka, S inakwenda kama mlevi, ya Rabi, kusoma kumenitoka, kwani kusoma kunamtoka mtu?, na huko nje Omari, mshereheshaji wetu, ameshaanza kelele zake, "Hamjambo wana Kanyenye! Nasema hamjambo! Haya, tulieni, anayetaka kukohoa akohoe sasa, kamera ya wageni inasikia hata mtoto anayenyonya," nao wanakohoa wote kwa makusudi, wanacheka, na sauti ile naijua, ya mke mwenzangu Tatu, "Mwanahawa kaingia kabatini! Leo kabati litasoma!" ...cheka, mama, cheka, ungejua kabati limekwama ungerudi nyumbani unacheza ngoma... kabati lenyewe la dukani kwa mzee Popatlal, binti yake Saroj kalibandika vizibo vya soda, eti ndivyo vitufe, na taa za harusi mbele, nyekundu, kijani, basi ikawa kompyuta, mashine inayofikiri, ya mchezo wetu wa roketi ya mwaka elfu mbili inayopita juu ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji mpaka pwani kabla chai haijapoa, na Mfaume wa televisheni ya Unguja alitaka kwenye kioo cha kompyuta zitokee namba tu, watu waone mashine ina akili, Saroj akamwambia, "Kaka Mfaume, roketi inaanguka na wewe unataka watu wapige hesabu? Iandike maneno, Kiswahili, kubwa, hata waliomaliza kisomo cha watu wazima juzi wasome," nami nilikuwa nafagia pale, nikasema mimi nimemaliza kisomo juzi, cheti ninacho, na Mfaume akanitazama, "Bi mkubwa, si tutafute mwanafunzi wa sekondari?" ...na leo atampata, atampata mbele ya Tatu na ukumbi mzima... kwenye mazoezi yalikuwa makaratasi, nasoma, nasukuma tunduni, lakini karatasi kamera haikulipenda, Saroj kaandika upya kwenye kitambaa, kakizungusha kwenye mipini miwili ya fagio, mimi nizungushe mpaka neno lifike, wao wanaliona kwa mbele, mimi niko nyuma, kumbe ndiyo hiyo, mimi niko nyuma, hayajageuka, yanawatazama wao... sawa, lakini nitayasomaje?, kapteni wa roketi atauliza kama hewa ipo ya kutufikisha nyumbani, niweke HEWA IMEKWISHA, nikikosea ikatokea HEWA IPO kapteni atalia machozi kwa kitu kilichopo, na mkanda wa kamera umebaki wa mara moja tu, "Bi Mwanahawa," ananong'ona Saroj kwenye ufa, "uko sawa?", sema, mwambie huoni, mwambie alete huyo wa sekondari... "Niko sawa, mwanangu," ulimi huu!... na jasho, na harufu ya rangi mbichi, nashika kitambaa kwa kidole kama mwalimu Alois wa kisomo alivyotufundisha, kushoto kwenda kulia, A, H, S, hakuna kitu, hakuna neno la namna hiyo, tena, A, H, S... na kidole chenyewe kinaruka, kinakwenda kulia, sijakituma, kinaanzia kulia kama kilivyoanzia chuoni kwa maalim wa Kurani, miaka saba nilikuwa nayo, ubao magotini, wino wa masizi, alifu, be, te, mkono unatoka kulia unarudi kushoto, nilihitimu juzuu nzima, baba alichinja kuku... H, ileile, E mgongo, W, A, hewa, hewa!, I, M, hili refu ndilo, imekwisha... na mwalimu Alois aliniuliza siku ya kwanza, unajua kusoma, nikasema sijui, akaandika hajui, wala hakukosea, mimi ndiye niliyesema, mwanamke aliyehitimu juzuu, nikakaa na wasiojua nikafurahi kupewa cheti kama mtu aliyetolewa shimoni, kumbe nilikuwa natoka chumba kimoja naingia kingine, mle mle nyumbani mwangu... "Mimi nawapisha," anasema Omari, "naenda kumfunga mbuzi wangu mbali, asije akalia kwenye picha ya watu, nitarudi kuwaambia lini mpige makofi," viatu vyake vinaondoka, kro, kro, mlango, kimya, taa ileile inaniunguza shavu, herufi zilezile zimenipa mgongo na hazinitishi tena, Tatu anajizuia kucheka namsikia pua, na mimi mkono uko kwenye mpini... haya kapteni, uliza.