Wa Kwanza Kuonja

Kutoka Kasungwe hadi chemchemi ni saa moja kwenda, na saa moja na robo kurudi, maana wakati wa kurudi bidoni la maji limejaa. Eugénie alikuwa kwenye kivuko cha mto, lita ishirini kichwani, jua ndio kwanza linachomoza, alipoona lori la tangi limeegeshwa ukingoni na mpira wake umetumbukizwa majini. Mita mia mbili juu ya pale ndipo wachimbaji huosha mawe yao ya shaba. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na hata mbuzi huyanusa wakaenda zao.

Kando ya lori alisimama Bertin, injinia wa mradi wa maji, na kofia yake ngumu nyeupe.

"Yambo, ingénieur. Hii mayi munapeleka wapi?"

"Ni ya kusukula tangi tu, mama. Weye enda, utachelewa."

Eugénie akaenda, lakini hakuwa mjinga. Tangi husuuzwa kwa ndoo mbili, si kwa lori zima. Kisima kilichimbwa tangu mwaka jana, mnara ukajengwa, tangi likapandishwa juu, bomba la chuma likasimikwa katikati ya kijiji. Kilichokosekana ni pampu tu. Kila mwezi Bertin alisema iko njiani, na leo mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anatoka Lubumbashi kuja kuzindua maji.

Nyumbani aliwasha mbabula, jiko lake la makaa. Gunia la makaa lilikuwa limepanda bei tena, lakini hakuwa na la kufanya: Kabange, mmoja wa mapacha wake wa miaka minne, alitoka hospitali ya Likasi juzi baada ya kulazwa siku nane kwa kuhara, na mwuguzi alimwonya mama mtu kwamba mtoto asiguse maji yasiyochemshwa. Ndugu yake Mbuyu alikuwa anacheza mlangoni. Kabange alikaa tu, miguu imekonda, akimtazama.

Chef Stanislas, mkuu wa kijiji, alifika sufuria haijachemka. Eugénie alimimina kikombe cha maji ya jana, akapiga funda moja yeye mwenyewe, ndipo akampa mzee kwa mikono miwili. Ndivyo wafanyavyo watu wote wa Kasungwe. Aliyeleta maji huonja kwanza, ili mgeni anywe bila wasiwasi.

"Eugénie, lelo weye njo utafungula robinet," mzee alisema, akielekeza kidole kwenye bomba la kijiji. "Mama ya mapasa njo anafungulaka kintu ya mupya, unayua. Kisha batoto bote babili bakunywe, babapige foto."

"Kabange hawezi, chef. Na ile mayi ya mu tangi, niliona fasi baliichota. Ni ya mutoni, chini ya ba-creuseur, bale banaosha mawe."

Mzee alikizungusha kikombe mkononi. Haikuonekana kama habari mpya kwake.

"Sikia. Yule mukubwa akiona mayi inatoka, anasinya karatasi. Akisinya, banaleta robinet mu kila lupango, kila nyumba, mupaka hapa ku mulango yako. Asiposinya, banapeleka ku kijiji ingine. Kikombe moya tu, mama."

Clovis, mumewe, alikuwa amesimama nyuma ya mzee. Alivaa buti mpya za mpira alizopewa na mradi alipochukuliwa kuwa mlinzi wa bomba, kazi yake ya kwanza ya mshahara tangu waoane. Mzee alipoondoka, akasema kwa sauti ndogo, "Anywe kidogo tu. Kisha tutamupa dawa."

"Siku munane ya sérum ku mukono, Clovis. Ni nani alikuwa analala chini pa kitanda yake?"

Clovis alikwenda kazini, na Eugénie akabaki na hasira iliyomfanya afunge kikwembe kiunoni mara tatu kabla hakijakaa.

Saa tano magari matatu yaliingia. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya hema, na juu ya bomba kibao kipya kilisomeka: KAYA 214 ZINAPATA MAJI SALAMA. Mkubwa alihutubia nusu saa nzima, na kila akimaliza hoja alifungua chupa yake ya maji ya dukani, akanywa, akaifunga. Watu walipiga makofi pale Bertin alipoanza kupiga.

Utepe ukakatwa. Eugénie aliitwa, mapacha wamemshika kikwembe kulia na kushoto. Alifungua bomba. Lilikohoa, likatoa hewa, kisha maji yakaja kwa nguvu na harufu kali ya dawa ya kuulia vijidudu. Wanawake wa nyuma walishangilia. Kikombe kilijaa, na chini yake Eugénie aliona tope jembamba likitulia polepole.

"Sasa wape watoto," alisema mpiga picha.

Mbuyu alinyoosha mikono. Kabange naye, kwa kuwa ndugu yake amenyoosha, akanyoosha. Eugénie alimwona Clovis kando ya bomba, anamsihi kwa macho. Akainua kikombe juu ya vichwa vya wanawe, akakipeleka kwa mkubwa kwa mikono miwili.

"Apa kwetu, Excellence, mwenye kuleta mayi njo anaonjaka wa kwanza. Hii mayi muliileta ninyi."

Shangwe zilikoma. Mkubwa alicheka kidogo, akamgeukia chef Stanislas kama mtu anayeomba aondolewe mzigo. Mzee aliitazama miguu iliyokonda ya Kabange.

"Ni vile, Excellence," alisema. "Njo desturi yetu."

Mkubwa hakukigusa kikombe. "Ingénieur, heshimu desturi ya watu," alisema.

Bertin alikipokea. Alikifikisha karibu na midomo, akachungulia ndani, jasho likimtoka chini ya kofia. Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama koo.

"Niko mu jeûne," alisema. "Kule ku église tunafunga wiki nzima."

Asubuhi ile ile muuza mikate alikuwa amemwona anakula mkate na dagaa kwenye lori. Mtu mmoja alicheka puani, kisha wengine. Eugénie alichukua kikombe chake, akamwaga maji chini, akakifudikiza juu ya meza ya wageni.

Mkubwa alisaini karatasi hata hivyo, juu ya boneti ya gari, injini ikiwa inanguruma. Kaya mia mbili na kumi na nne zikawa zinakunywa maji salama. Mabomba ya kila lupango, alisema, yatakuja baadaye. Bertin alitia kufuli kwenye bomba, akamwambia Clovis avue buti za mradi.

Clovis alirudi nyumbani pekupeku. Eugénie alisubiri maneno makali, na alikuwa tayari nayo. Mumewe alisimama juu ya sufuria, akaona maji yamebaki robo. Kasungwe mwanaume hachoti maji, na majirani walikuwa bado wamejaa njiani.

"Bidon ingine iko wapi?" aliuliza.

Alilichukua begani, akapita chini ya kile kibao, akashika njia ya chemchemi.